Asiyekubali Kushindwa

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake na kila aliyeishika njia yao. Amma baad.

Ndugu zetu wasomaji, Jumatatu moja baina ya Magharibi na Isha, tulipokwisha darsa, nilitoka barazani mwa msikiti nikamkuta kijana mmoja katika wanafunzi wetu ameketi peke yake, ameegemea nguzo, simu i mkononi na macho yamekazana nayo, wala kidole hakisogei. Nilidhani yuasoma. Nilipomkaribia nikaona ubao wa sataranji ndani ya kioo cha simu. Yeye amebakiwa na mfalme na askari wawili. Mwenziwe ana malkia na ngome, na mfalme wa kijana wetu amekwisha kubanwa pembeni, hatua moja tu imebaki. Kando ya ubao saa yake inateremka: dakika sita na sekunde kadha.

Nikamwuliza, "Mwanangu, wafikiri nini hapo? Mbona mambo yamekwisha?"

Akanijibu bila ya kuinua kichwa, "Yamekwisha kweli, Sheikh. Lakini dakika hizi sita ni zangu. Na angoje."

Nikamwuliza ni nani huyo anayengojeshwa. Akasema hamjui, ila kibendera kilichoko kando ya jina lake chaonyesha kuwa ni mtu wa Indonesia. Nikapiga hesabu moyoni: kwetu ilikuwa karibu saa moja ya usiku, basi kwa mtu wa Jakarta ni karibu saa tano. Tukakaa. Mimi naye tukaitazama saa ile ikishuka, hata zilipobaki sekunde tatu akasogeza kete moja kwa haraka. Nilipomwuliza sababu akasema, "Huenda amesinzia. Akiwa amesinzia, saa yake ndiyo itakayokwisha, nami nitaandikiwa ushindi." Yule mtu hakuwa amesinzia. Alicheza papo hapo, na mfalme wa kijana akawa hana pa kukimbilia. Muadhini akaadhini, tukaingia kuswali, na namwomba Mwenyezi Mungu anisamehe, kwani katika rakaa zile nne fikira yangu ilikuwa imeshikwa na maneno mawili tu: na angoje.

Kwa wazee wetu wasioyajua mambo haya, yafaa nieleze kidogo. Siku hizi mtu hahitaji kumtafuta mwenziwe barazani ili acheze naye. Iko mitambo ya intaneti inayowakutanisha watu wasiojuana, mmoja yuko Mombasa na mwengine yuko mwisho wa dunia. Kwa sataranji mashuhuri zaidi ni Chess.com, iliyofunguliwa mwaka 2007, na Lichess, aliyoianzisha Mfaransa mmoja, Thibault Duplessis, mwaka 2010, nayo haimtozi mtu hata senti. Kila mchezaji hupewa muda wake, tuseme dakika kumi, na saa yake haiendi ila ikiwa ni zamu yake. Anayemaliza dakika zake ameshindwa. Na anayeona kuwa ameshindwa kabla ya hapo, kuna alama ndogo ya bendera: huigusa, akawa amekiri, na kila mmoja akaenda zake.

Basi wako watu ambao kidole chao kwa bendera ile ni kizito kuliko jiwe la kusagia. Wakijiona wanashinda, hucheza upesi upesi. Wakijiona wameshindwa, huacha saa iende mpaka tone la mwisho, si kwa kuwa wanafikiri, bali ili yule aliyewashinda akae akingoja ushindi ambao amekwisha kuupata. Wala hawaufungi mtambo wakaondoka, kwani mtambo ukiona mtu ametoweka humruhusu mwenziwe adai ushindi baada ya muda mfupi. Hubaki pale pale, wapo na hawapo. Na ugonjwa huu hauko katika sataranji peke yake. Katika ule mchezo wa karata wa Hearthstone, uliotolewa mwaka 2014, zamu ya mtu ikikaribia kwisha huonekana kamba yaungua. Wako wanaoiacha kamba iungue kila zamu, hata kama hawana karata ya kutupa. Katika mpira wa kuchezea katika televisheni na simu, mtoto akifungwa mabao matatu huusimamisha mchezo tena na tena, au akang'oa waya. Wenye mitambo wamejitahidi kuwaonya watu hawa na kuwafungia kucheza kwa muda, na muda huo huzidi kwa anayerejea. Lakini mtambo hauwezi kuona niyya. Huona saa tu.

Kabla sijaendelea najua yuko atakayesema: Sheikh, mbona waacha mzizi washika tawi, sataranji yenyewe si ina maneno? Ina maneno, na yanajulikana. Wengi katika maulamaa wa madhehebu nyingine wameiharimisha, na wetu wa Kishafi, kama alivyoeleza Imamu Nawawi, wameihesabu kuwa ni makuruhu maadamu haina kamari wala haimpotezi mtu sala ikatoka katika wakati wake. Likiingia moja katika hayo mawili, imekuwa haramu. Ambaye ameuacha mchezo huu kwa kujihifadhi nafsi yake, Mungu amlipe kheri, wala sitaki arejee kwa sababu ya maneno yangu. Mimi nasema na wale wanaocheza, nao ni wengi kuliko tunavyotaka kukiri, na baadhi yao ni wanafunzi wangu. Wako wanaodhani kuwa maadamu hawakuweka pesa na sala wameiwahi, basi hakuna dhambi tena inayoweza kupita katika ubao ule. Hapo ndipo walipokosea.

Kijana wetu alisema, "Dakika ni zangu." Hii ndiyo hoja yao wote, na ina sura ya haki, basi yataka kujibiwa kwa haki.

Kwanza tuulize, hizo dakika zilitoka wapi? Zamani sataranji haikuwa na saa. Katika mashindano makubwa ya London ya mwaka 1851 alikuwako mchezaji mmoja, Elijah Williams, aliyejulikana kwa kukawia mno katika hatua zake, na mwenziwe Staunton, aliyekuwa bingwa wa Uingereza, aliteta sana kwa jambo hilo. Watu wakaona kuwa mambo hayaendi hivi. Mwaka 1861 Anderssen na Kolisch walicheza kwa shisha za mchanga, kila mmoja na shisha yake, na mwaka 1883, London tena, zikatumiwa saa mbili zilizounganishwa pamoja, moja ikisimama nyengine inakwenda. Kwa hivyo saa haikuletwa ili mtu awe na mali ya dakika anayoweza kuifanyia atakavyo. Ililetwa ili kumkinga mtu na kukawizwa na mwenziwe. Dakika ulipewa kwa ajili ya kufikiri. Ni kama amana: umepewa kwa jambo maalumu, ukaitumia katika jambo jengine, kisha wasema ilikuwa mkononi mwangu. Ni kweli ilikuwa mkononi mwako, na hivyo ndivyo kila mwenye kufanya khiana katika amana anavyoweza kusema.

Pili, na hili ndilo jibu lenyewe. Iko hadithi aliyoipokea Abu Huraira (Radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake), nayo imo katika Bukhari na Muslim, ambayo Mtume (S.A.W.) amebainisha ndani yake kuwa mwenye uwezo wa kulipa anapomzungusha mwenye kumdai, kuzungusha kule ni dhulma. Tazameni vizuri, ndugu zangu. Hakusema kuwa dhulma ni kukataa deni. Mtu huyu hakulikataa. Pengine atalilipa lote, senti kwa senti. Dhulma iko katika kukawiza. Na hakumtaja maskini asiyekuwa nacho, kwani huyo Qurani imeamrisha angojewe mpaka apate wepesi. Amemtaja mwenye nacho. Sisi sote twamjua mtu huyu hapa mjini. Pesa anazo katika simu, na kwa simu hiyo hiyo angeweza kuzituma kabla hujamaliza kikombe cha kahawa, lakini akiona jina lako huigeuza simu kifudifudi.

Basi aliyeshindwa katika mchezo ana deni, nalo ni kukiri. Mwenziwe amelichumia deni hilo kwa akili yake na kwa muda wake. Na katika madeni yote ya duniani sijui jepesi kuliko hili: kidole kimoja, bendera moja. Hakuna masikini wa deni hili. Kila anayelizungusha ni mwenye uwezo, na kila mwenye uwezo akizungusha amedhulumu. Anachokidhulumu ni nini? Ni umri wa mtu. Mali ikichukuliwa hurejeshwa, shamba likiporwa hurejeshwa, lakini dakika sita za yule mtu wa Indonesia hazirejeshwi na yeyote. Mola wetu ameapa kwa wakati katika sura fupi ambayo watoto wetu huihifadhi kabla hawajang'oa meno ya utotoni, kisha akaeleza baada ya kiapo hicho jinsi mwanadamu alivyo khasarani. Sisi twaisoma sura hiyo mwisho wa darsa, kisha twatoka nje kwenda kumtia khasarani mtu tusiyemjua.

Nalo lile la kusogeza kete sekunde tatu za mwisho, kwa kutumaini kuwa mwenziwe amesinzia, hilo ni zito zaidi. Humo mna hila. Na mwenye kwenda mbio anaposhinda na kukokota miguu anaposhindwa, sitaki kumtisha kwa jambo lisilomhusu, lakini na aifungue Suratul Mutaffifin, awatazame wale wanaojipimia kamili wanapopokea kwa watu na kupunguza wanapowapimia watu, kisha aulize nafsi yake kama mizani hiyo ni ya nafaka peke yake.

Nisieleweke vibaya. Mwenye kushindwa hakulazimishwa ajisalimishe mara tu apotezapo kete. Anayeona njia nyembamba akaishika, akafikiri kwa dakika zake zote akitafuta hila halali ya ubao, huyo ni mpiganaji wala hapana wa kumlaumu. Mara ngapi mwenye malkia amelewa ushindi akaupoteza! Hata aliyeshindwa wazi akiendelea kucheza hatua baada ya hatua kwa mwendo wake wa kawaida, hakumdhulumu mtu. Tofauti ya wawili hawa haionekani katika kioo cha simu, kwani wote wawili wamenyamaza na saa yaenda. Inajulikana na watu wawili tu: mwenyewe, na wa pili ni Malaika wa bega lake la kushoto.

Wazee wetu wa barazani, waliocheza bao, na dama, na keramu, na wahedi wa sitini, walikuwa na neno lao: asiyekubali kushindwa si mshindani. Wengi hulidhania kuwa ni neno la kumfariji aliyeshindwa. Mimi naliona kuwa ni hukumu. Kwa mujibu wake mtu huyu hakushindana kabisa. Alikuja kuchukua, na alipokosa cha kuchukua akazuia mlango. Na baraza ilikuwa na dawa yake. Aliyekawiza kwa makusudi aliambiwa ainuke, mwengine akae, na jioni ya pili hakukaribishwa. Alionekana uso wake. Leo kijana ana jina la bandia na kibendera, na anayemwudhi ni jina la bandia na kibendera, basi huona kuwa baina yao hakuna binadamu.

Mimi mwenyewe si mtakatifu wa mambo haya. Nilipokuwa na miaka kumi na minne hivi nilishindwa dama na binamu yangu, mdogo kuliko mimi, mbele ya watu. Nilisimama nikijifanya kuwa naitwa na mama, na katika kusimama kanzu yangu ikakumba ubao. Kete zilitawanyika uwani. Kila mtu alijua, na hakuna aliyesema neno. Marehemu babu yangu aliziokota kete moja moja, akazipanga kama zilivyokuwa, kwani alikuwa akiutazama mchezo tangu mwanzo, kisha akaniambia, "Kaa, umalize kushindwa." Nikakaa nikamaliza. Nimesoma vitabu vingi baada ya siku ile, na sina hakika kama viko vitatu vilivyonifaa kuliko kikao hicho.

Anas bin Malik (R.A.) amesimulia, na Imamu Bukhari ameipokea, kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa na ngamia jike aliyeitwa Al-Adhbaa, naye alikuwa hapitwi. Akaja Bedui mmoja juu ya ngamia mchanga, akampita. Jambo hilo likawa zito kwa Waislamu. Naye Mtume alipouona uzito huo katika nyuso zao akawafahamisha kuwa ni haki juu ya Mwenyezi Mungu kutokiinua kitu chochote katika dunia illa akakishusha. Nataka mtazame ni nani waliohuzunika: ni masahaba, watu bora, tena kwa kumpenda Mtume wao. Huzuni ya kushindwa haikuhesabiwa kuwa ni dhambi. Lakini hakuna aliyemshika Bedui yule kamba ya ngamia wake, hakuna aliyesema mbio zirejewe, wala mwenye ngamia hakutafuta sababu. Naye ni bwana wa viumbe! Na Bibi Aisha (R.A.) amesimulia kuwa alishindana naye mbio safarini, akampita, kisha siku nyengine, Bibi Aisha alipokuwa amenenepa, wakashindana tena naye Mtume akampita, akamwambia kwa wema kuwa hii ni kwa ile. Alikuwa akiikumbuka. Aliyakubali yale ya kwanza, akaingoja zamu yake, wala kushindwa kule hakukumpunguzia kitu.

Yuko atakayesema kuwa nimekichukua kitu kidogo, mchezo wa mtoto, nikakipakia mizigo ya Qurani na Hadithi. Ningemkubalia lau nisingelijua ni wapi njia hii inapoishia. Mara nyengine mimi huitwa katika masuluhisho ya wana ndoa. Nimepata kukaa na mume mmoja ambaye ndoa yake ilikwisha kufa, na yeye ajua, na jamaa za pande zote mbili wajua. Mke alikuwa amerejea kwao zaidi ya mwaka. Hamtaki, hampi matumizi, na talaka hataki kuitoa. Tulipokwenda kwake mara ya tatu nilimwuliza yuangoja nini. Akasema hangoji chochote, neno liko mkononi mwake, sheria imempa yeye. Kisha akasema kuhusu mkewe, "Na angoje." Kwa sauti ile ile, ndugu zangu. Mwenyezi Mungu amekataza waziwazi, katika Suratul Baqara aya ya 231, kuwazuia wanawake kwa ajili ya kuwadhuru, na bwana yule aliijua aya hiyo kuliko anavyoijua kijana wetu. Mwisho mke alikwenda kwa Kadhi akaachishwa, lakini miezi ile ilikwisha kuliwa. Sisemi kuwa kila anayekawiza sataranji atakuwa mume kama huyo. Nasema kuwa siku ya kwanza ambayo mtu yule alisema "na angoje" na asipate wa kumwambia "kaa, umalize kushindwa", haikuwa siku ya ndoa yake.

Na wenye kushinda nao nina neno nao, japo fupi. Wako ambao wakipata ushindi hutuma maneno ya kejeli, au huacha kumaliza mchezo wakazidi kujikusanyia malkia wa pili na wa tatu ili kumcheza shere aliyeshindwa. Huko pia ni kukawiza. Mwenye kudai naye ana adabu ya kudai.

Ijumaa ya wiki ile nilizungumza na kijana wetu nikamweleza haya kwa ufupi. Hakubisha. Aliniuliza swali ambalo sikulitarajia: "Sheikh, umetufundisha kuwa toba katika haki ya Mungu ni baina yako na Mungu, lakini katika haki ya mja hapana budi ya kuirejesha au kutakana radhi. Mimi nitamtakaje radhi mtu nisiyemjua jina, wala sijui kama ni Muislamu au si Muislamu? Na dakika nitazirejeshaje?"

Nikamwambia kuwa dhulma ni dhulma, awe Muislamu au asiwe, na dakika hazirejeshwi, nalo ndilo lililo zito. Lakini jina lake la mchezoni walijua, na mtambo wakubali kupeleka barua. Akakaa mbele yangu akaandika mistari miwili kwa Kiingereza chake, kwamba siku fulani alimkawiza kwa makusudi baada ya kushindwa, na kwamba anamtaka radhi. Akaituma.

Leo ninapoandika haya ni siku ya kumi na moja. Kila baada ya darsa huniambia, kabla sijamwuliza, kuwa jibu halijaja, nami humwambia angoje.